Mgongo wa Sefu

Kamina

Mama yangu mpenzi,

Assalam alaikum. Mguu wako uliovimba umepungua? Bado unaupaka mawese ya moto ingawa nilikukataza? Najua unaupaka, usinidanganye. Na kile kikohozi cha asubuhi? Na paa la upande wa jikoni limetengenezwa, au bado unasogeza sufuria huku na huku kila wingu likipita? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mjukuu wako Fatu anakusalimu sana. Amenifikia begani sasa, na mdomo wake umerefuka kuliko yeye mwenyewe. Kila jambo analijibia. Nikimuuliza amerithi wapi, anasema kwa bibi wa Kasongo.

Nimeandika badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Kwenu simu ikilia inawekwa sauti ya nje katikati ya uwanja, na kabla sijamaliza salamu jirani wa kulia ameshaanza kulia na wa kushoto ameshatoa shauri. Mambo haya si ya uwanjani. Tena mtandao wa hapa hukatika pale pale mtu anapofikia neno lenyewe. Mzee Musa, yule mwuza vitenge wa mtaa wenu, amekubali kuibeba barua hii ndani ya koti lake. Akishuka gari la moshi atapanda pikipiki, atakuletea mkononi kabla hajafika hata kwake. Mpe chai.

Najua tangu mtoto wa jicho akuzibe huwezi kusoma mwenyewe, na nyumbani kwenu sasa hivi mwenye kusoma ni mmoja tu. Mzee Musa ameniambia yote. Amesema mdogo wangu Sefu yuko kwako tangu alipoondoka hapa bila kuaga. Analala chumba cha marehemu baba, msikitini anasimama safu ya nyuma karibu na viatu, na ukimtuma sokoni anakwenda kwa miguu ingawa baiskeli ya jirani imekaa bure. Kwa hiyo najua ni mkono wa nani umeshika karatasi hii mbele yako. Sefu, soma polepole na usiruke. Ukiruka mama atajua, kwa sababu wewe kabla ya kudanganya huvuta pumzi. Soma kama nilivyoandika, hata pale utakapolikuta jina lako.

Mama, ulivyoambiwa ni kwamba mkweo Ramazani alianguka, akaumia, na sasa anapata nafuu. Laiti ingekuwa hivyo. Nitakueleza tangu mwanzo, na wewe kaa kitako kwanza.

Ilikuwa siku ya kupakia, mvua zikielekea kuisha. Tulikuwa tumekusanya samaki wakavu wa Kinkondja, magunia kwa magunia, waende Kolwezi kwa lori. Unamjua mkweo: hamwamini mtu kufunga turubai lake, isipokuwa yeye mwenyewe au Sefu. Sefu alikuwa chini anakaza kamba upande wa magurudumu. Ramazani alikuwa juu kabisa ya mzigo, ameweka mguu mmoja kwenye gunia, ameegemea nyuma kwa uzito wake wote akivuta. Kamba ikakatika.

Mimi nilikuwa mezani kwangu pale sokoni, nampimia mama mmoja samaki. Nilisikia kishindo nikasema moyoni, haya, wameangusha gunia. Nikaendelea kupima. Ni zile kelele ndizo zilizoniinua.

Nilimkuta amelala chali, macho wazi, damu kidogo inatoka kisogoni. Alikuwa anaongea. Aliniona akajaribu kucheka, akaomba maji tu. Akasema, "Mama Fatu, minyi niko muzuri. Shingo njo inauma. Munipatie paka mayi." Na goti lake la kushoto alilikunja, akalinyoosha. Nililiona kwa macho yangu haya, mama. Nitalikumbuka goti lile mpaka naingia kaburini.

Sasa unajua watu wetu. Mtu hai halazwi chini mbele ya macho ya soko. Wote wakapiga kelele kwa pamoja: "Mumunyanyue! Muntu mwenye roho halalake chini kama maiti! Mumubebe mbio!" Hamisi, kaka yake Ramazani, alileta ndoo ya maji akammwagia yote kichwani. Sefu akamshika chini ya makwapa, akamkalisha. Kichwa kikaangukia kifuani. Sefu akakirudisha juu kwa kiganja, taratibu, kama unavyomrudishia mtoto anayesinzia. Hakuna hata mmoja aliyesema aachwe alale. Nami sikusema, kwa sababu sikujua.

Hapa Kamina mgonjwa hangoji gari, anabebwa kwa baiskeli. Wazee wenye homa hubebwa hivyo, na wajawazito waliozidiwa pia. Sefu alikuwa ameshawabeba wengi, na wengine wamewaita watoto wao jina lake. Na kwa kufunga mzigo, mji mzima ulikuwa unamjua. Alileta mapipa ya mawese kwa baiskeli kutoka Kabongo, mchanga na vilima vyote vile, na pipa likafika limekauka kwa nje. Siri yake ilikuwa ile mipira anayokata kwenye tairi za ndani zilizokufa. Aliivuta mpaka ikaimba.

Basi akamfunga shemeji yake kama anavyojua kufunga. Walimpandisha kwenye kiti cha nyuma, Sefu akakaa mbele, wakamlaza kifua chake juu ya mgongo wa Sefu. Nikavua kitenge changu cha juu nikawazungushia wote wawili, kama mama anavyombeba mtoto, kisha mipira ikapita kifuani, kiunoni, mapajani. Sefu akajitikisa kujaribu, kama anavyojaribu pipa. Hakikucheza kitu. Shingo peke yake haikufungwa. Mzigo hauna shingo, na hakuna aliyewahi kumfundisha mengine.

Alikwenda mbio, mimi nyuma yake na viatu mkononi. Kichwa cha Ramazani kilikuwa kinalala bega hili, kinahamia bega lile, kwa kila shimo. Pale njia inapokata reli, baiskeli iliruka. Mimi nilikuwa mbali kidogo, lakini wote wawili wameniambia maneno yale yale. Ramazani aliuliza, "Sefu, miguu yangu iko wapi?"

Na Sefu akamjibu, bila kugeuka, "Iko, shemeji. Usiogope. Niliifunga muzuri."

Sefu, kama umesimama hapo, pumzika kidogo. Halafu endelea.

Hospitalini walimpokea vizuri, sina la kuwalaumu. Walimlaza, wakamwekea mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa kisigeuke, wakampiga picha ya mifupa. Dokta mwenyewe ni kijana mpole, mwenye kuongea chini chini. Aliiinua ile picha kwenye dirisha akatuonyesha. Fuvu la kichwa zima, alisema, na jeraha la kisogoni atalishona litapona. Taabu iko chini yake. Shingo ina pingili saba, zimepangwa moja juu ya nyingine, na moja ya zile za chini ilikuwa imeteleza, imekaa upande.

Mimi nikasema, kama ni mfupa, mfupa unaunga. Akasema ndiyo, mfupa utaunga. Lakini katikati ya pingili pana tundu, na ndani ya tundu unapita ugwe unaotoka kwenye ubongo mpaka kiunoni, na huo ndio unaopeleka habari miguuni na kuzirudisha. Mama, nilielewa upesi kuliko nilivyotaka. Nimevunja samaki maisha yangu yote. Ukimvunja mgongo unaona ule uzi mweupe umepita kwenye mifupa, mororo, ukiugusa tu kwa kucha unakatika. Niliitazama picha ile ya shingo ya mume wangu, nikauona uzi.

Ndipo dokta akauliza, hakuwa na ubaya, aliuliza kama kazi yake inavyotaka: "Nani alimuleta? Alimuleta namuna gani?"

Sefu akajitokeza mbele. Alikuwa bado anahema, shati limemganda mgongoni. Alisema kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake: "Ni minyi, dokta. Na kinga yangu, baiskeli ile. Nilimufunga ku mugongo, hakutikisika hata kiloko."

Dokta akaishusha ile picha. Kisha akasema polepole, "Ndugu yangu, muntu akianguka hivi, bamuache analala pale pale. Bashike kichwa, shingo isicheze. Batafute mulango ao ubao, bamulalishe juu, bamubebe bantu bane. Hata kama ni mbali."

Sefu akauliza, "Basi ni minyi?"

"Siwezi kujua," dokta akasema. "Pengine ilikatika palepale chini, pengine njiani. Hakuna muntu anaweza kujua."

Lakini mimi nililiona goti. Na Sefu alikuwa amechutama karibu kuliko mimi, aliliona pia. Tulitazamana. Sefu alitoka akaenda kuchutama kule nje wanawake wanakopikia wagonjwa, kichwa katikati ya magoti, akakataa uji, akakataa maji. Kesho yake baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yangu, ile mipira imekunjwa vizuri juu ya kiti, na yeye hayupo. Haya ndiyo aliyoshindwa kukuambia, mama. Usimpige. Kama ameyasoma mpaka hapa kwa mdomo wake mwenyewe, inatosha.

Sasa nikueleze tunavyoishi.

Mfupa umeunga kama dokta alivyosema. Uzi haukuunga. Ramazani yuko nyumbani, kwenye kile chumba cha mbele kilichokuwa cha magunia. Kichwa ni chake, mabega ni yake, viwiko anavikunja, vifundo vya mikono anaviinua kidogo. Vidole havifungi. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuna habari inayokwenda wala inayorudi. Akitaka kukohoa ni mimi ninayembonyeza tumbo ili kikohozi kipate nguvu ya kutoka. Mkojo unatoka kwa mpira. Mwanaume yule, mama, uliyesema siku ya posa kwamba ataingia mlangoni kwako kwa kuinama, sasa namlisha samaki niliyemtoa miiba, na Fatu anamfuta ndevu.

Analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipozika mama yake. Sasa analia nikimwogesha, kwa sababu ananiona nasugua mguu na haamini kwamba ni wake. Halafu siku nyingine anachekesha. Kisogoni pale penye mshono panamwasha sana, na akiniita nimkune hufumba macho kama paka. Anasema hapo ndipo anapoishi siku hizi, niwe nampitia kumjulia hali. Mimi humwambia niliolewa na mwanaume mzima nikabakiziwa kichwa, na kichwa chenyewe kina maneno mengi. Tunacheka. Kisha mmoja wetu anaacha kucheka kabla ya mwenzake.

Kazi kubwa ni kumgeuza. Dokta alinikalisha chini akaniambia bila kuzunguka: watu walioumia hivi si shingo inayowaua, ni vidonda. Nyama isiyosikia haijui kwamba imelaliwa. Inaoza kimya kimya, pale kwenye kifandugu na kwenye visigino, na homa ikiingia humo ndani inamchukua mtu. Kwa hiyo ageuzwe, usiku na mchana, kila siku ya Mungu. Na ageuzwe kwa mpango: mmoja anashika kichwa, wengine mabega, kiuno na miguu, wote kwa neno moja, mwili uende mzima mzima. Unamkumbuka jirani yangu Mama Ngoie, yule Mkatoliki mwenye mashamba, aliyekupa mihogo ulipokuja? Yeye na mumewe Kabamba ndio wanaonisaidia. Mama Ngoie anafanya ishara ya msalaba, Ramazani anasema bismillahi, Kabamba anapiga kelele "Haya!" na tunageuza. Mungu anaitwa pande zote, hatuna ubaguzi.

Lakini lipo jambo lililotuvunja, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Ilikuwa wakati wa baridi. Unajua baridi ya huku, asubuhi mikono inakufa ganzi. Niliweka mbabula yenye makaa karibu na kitanda apate joto, nikatoka kuanika samaki pale mlangoni. Alikuwa anamsimulia Fatu hadithi ya marehemu babu yake na mamba wa Lualaba, ile ndefu, anaigiza na sauti ya mamba. Fatu anacheka, na mimi huko nje nacheka. Mara nikasikia harufu. Mwanzoni nilidhani ni samaki wangu. Nikaingia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeteleza kutoka kitandani, kisigino kimekaa kwenye ukingo wa mbabula, kinaungua. Na yeye bado anasimulia. Alikuwa amefika pale mamba anapofungua mdomo.

Niliuvuta mguu nikapiga ukelele. Ramazani akaniuliza, "Ni nini? Nani anaungua?"

Aliyafuata macho yangu, kisha akaona mguu nilioushika. Aliutazama muda mrefu. Fatu alipotoka, akasema, "Basi ni kweli. Hautarudi." Miezi yote ile nilidhani amejua, kumbe alikuwa anangoja.

Baada ya hapo aliacha kula. Kidonda cha kifandugu kikafunguka, homa ikaja, tukarudi hospitalini, tukarudi tena nyumbani. Na katikati ya homa ndipo Hamisi alipokuja, Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu yake nyeupe, amekuja na wazee wawili. Akakaa kitini akakohoa. Akasema ukoo umeamua Sefu asikanyage tena Kamina. Kama ni ajali au kama ana lake moyoni, Mungu anajua, lakini mikono iliyomvunja mdogo wake isionekane hapa.

Nilikuwa nimesimama na bakuli la uji. Nilifungua mdomo, lakini Ramazani alinitangulia. Sauti yake sasa ni ndogo, mtu lazima anyamaze ndipo amsikie, na wote walinyamaza.

"Yaya Hamisi," akamwambia kaka yake, "weye ulikuwa pa soko siku ile?"

"Nilikuwa."

"Ulifanya nini?"

Hamisi akatazama wazee. "Nilikumwangia mayi."

"Njo hivyo. Weye ulimwanga mayi. Bantu balipiga makelele. Bibi yangu huyu alitosha kitenge yake. Kila muntu alifanya kintu alijua. Sefu alijua kubeba, alibeba. Kama unafukuza Sefu, ufukuze soko yote, na weye utangulie."

Mzee mmoja alitazama chini kuficha kicheko. Hamisi machozi yakamtoka, mtu mzima yule. Akainuka akamfunika mdogo wake miguu, ingawa ilikuwa imefunikwa tayari. Tangu siku hiyo hajarudia maneno yale, na siku nyingine huja kumsomea Kurani.

Sasa ninafika kwenye kilichonifanya niandike, mama. Mvua zinakaribia. Mama Ngoie na Kabamba watahamia mashambani kwao kulima kama kila mwaka, wakae huko mpaka mahindi yasimame. Siwezi kuwazuia, hicho ndicho chakula chao. Hamisi anasafiri na biashara. Nitabaki mimi na Fatu, na Ramazani hata akikonda bado ni mrefu kama mlango. Peke yetu hatutaweza kumgeuza. Nilimweleza hivyo hivyo, kwa sababu tumekubaliana tusifichane. Nikamwambia nitatafuta mtu wa kibarua, kijana mwenye nguvu.

Akasema, "Apana. Uandikie mama. Umuambie Sefu akuye."

Nikamwambia Sefu hatakuja, ana haya. Nikamwambia na mimi sijui kama nataka kumwona. Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema maneno haya, na nimeyashika kama alivyoyasema ili nisiyaharibu:

"Mama Fatu, unajua kintu gani kifua yangu ilisikia mara ya mwisho? Mugongo ya Sefu. Mbele ya reli. Ilikuwa na jasho, ilikuwa na moto. Nilikuwa ninasikia roho yake inapiga, anapiga pedali, analia, anasema vumilia shemeji, vumilia. Kiisha reli, hakuna tena. Tangu siku ile hakuna kintu inanigusa hapa. Weye unaniosha, sisikie. Mutoto analala juu yangu, sisikie. Ile mugongo njo iko mwisho. Namna gani nitaichukia?"

Mama, niliiweka ile nguo niliyokuwa naosha, nikatoka nje, nikalia mpaka Mama Ngoie akaja kunishika.

Basi hayo ndiyo. Nisalimie shangazi yangu aliyenilea nikiwa mgonjwa wa surua, mwambie sijasahau uji wake. Nisalimie dada yako wa Kibombo akija, na mwalimu wa chuo aliyetufundisha alifu na fimbo yake, kama bado anaona. Nisalimie mke wa jirani, yule mwenye kulia kwenye simu, mwambie safari hii alie kwa niaba yangu, nimemruhusu. Wewe usije, mama. Mguu wako hauwezi gari la moshi, na siwezi kuuguza wawili. Uniombee dua tu, na mkweo umtaje kwa jina lake lote.

Sasa mama niwie radhi, maneno yaliyobaki ni ya anayesoma.

Sefu. Mimi nina hasira na wewe, sikufichi. Si ya baiskeli. Nyuma ya baiskeli nilikuwa nakimbia mimi, na kitenge kilikuwa changu. Hasira yangu ni kwamba ulikwenda. Uliniachia mwili wa mume wangu na ukuta wenye baiskeli, ukaenda kusimama karibu na viatu Kasongo kana kwamba hiyo ni adhabu. Adhabu iko huku, ndugu yangu, na inataka mikono. Ukifika sitakukumbatia siku ya kwanza, usitegemee. Nitakupa chakula. Siku ya pili tutaona.

Dokta atakufundisha namna ya kushika kichwa. Viganja viwili chini ya masikio, vidole vimekutana kisogoni, na hukiachi mpaka mwili wote umetua. Si vigumu, ni uvumilivu tu. Sasa hivi anakishika Fatu, na mikono yake ni midogo, inachoka upesi. Ramazani amesema nafasi ya kichwani ni yako, na akisema jambo unajua alivyo.

Baiskeli yako iko pale pale. Matairi yamelala, kuku anataga chini yake. Sijaruhusu mtu aiguse.

Mkunjie mama barua hii umpe aiweke chini ya mto. Kisha umwombe radhi zake, upande na Mzee Musa akirudi. Ulete huo mgongo nyumbani, Sefu, shemeji yako anaukumbuka.

Mimi ni Zaina, binti yako mama, na dada yako, wewe unayesoma.